Aliyejitolea na Wale Aliowaongoza

Neno "kujitolea" limezoeleka sana kwetu. Mtu hujitolea kufyatua matofali ya kanisa, mwingine hujitolea kufundisha watoto Jumapili, mwingine humwuguza jirani asiye na ndugu, nasi twawasifu wote, na ni haki kuwasifu. Lakini lipo swali ambalo twalipita upesi mno. Mtu akijitolea, na baada ya kujitolea akapewa madaraka juu ya wenzake, je, amepata haki ya kuwatoa na wao? Nafsi yake ni yake, aweza kuitoa. Nafsi ya mwenzake si mali yake. Nasi twaijua tabia moja iliyo miongoni mwetu: mwenyekiti wa kamati asiyelipwa hata senti moja ndiye mara nyingi akemeaye kwa ukali kuliko wote, na akiulizwa hujibu, "Kwani hamwoni kuwa mimi nimejitolea?" Hapo sadaka yake imekwisha kugeuka kuwa deni letu sisi.

Tumeona vema, ndugu wasomaji, kulipima swali hili kwa maisha ya mtu mmoja aliyejitolea katika jambo zito kuliko matofali. Huyu ni Joshua Lawrence Chamberlain, mwalimu wa chuo, aliyekuwa ofisa wa kujitolea katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861 na kwisha mwaka 1865. Tumemchagua kwa sababu alikuwa mwalimu, na sisi tuliotumia umri wetu kufundisha walimu twadhani tunamwelewa kidogo kuliko tunavyowaelewa majenerali wengine. Tena kazi zake zote, za vitani na za baada ya vita, zagusa swali letu hili moja.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1828 katika mji wa Brewer, jimbo la Maine, kaskazini kabisa mwa nchi ile. Alisoma katika Chuo cha Bowdoin mjini Brunswick, kisha akasoma theolojia miaka mitatu huko Bangor, lakini hakuwa mchungaji. Alirudi Bowdoin kufundisha ufasaha wa kusema na lugha za kigeni. Alipokuwa bado mwanafunzi, Harriet Beecher Stowe alikuwa akikaa mji ule ule wa Brunswick akiandika kitabu chake juu ya mateso ya watumwa, na kijana Chamberlain alikuwa mmoja wa waliohudhuria nyumbani kwake kusikiliza sura zikisomwa kabla hazijawa kitabu. Kwa hiyo habari ya utumwa hakuipata magazetini tu.

Mwezi Julai 1862 Rais Lincoln aliita watu 300,000 zaidi wajitolee. Chamberlain alikuwa na miaka 33. Alikuwa na mke, Frances, ambaye watu walimwita Fanny, na watoto wawili, binti wa miaka mitano na mwana wa miaka mitatu. Chuo kilikuwa kimemkubalia likizo ya miaka miwili aende Ulaya kuzidisha elimu. Badala ya Ulaya alikwenda vitani. Walimu wenzake wengi hawakupendezwa, na mkewe pia hakufurahi. Aliandika barua kwa gavana wa jimbo akijitoa, na gavana akamwambia atampa ukanali, yaani uongozi wa rejimenti nzima. Akakataa. Alisema heri aanze chini, ajifunze kwanza kazi yenyewe. Akafanywa luteni kanali wa Rejimenti ya 20 ya Maine, chini ya Adelbert Ames, kijana mdogo kwake kwa umri lakini aliyesomea uaskari.

Tusimame hapa kidogo, maana jambo hili ni kubwa. Katika jeshi la kujitolea la siku zile maofisa wengi walipata vyeo kwa sababu walijulikana, au walikuwa na fedha, au waliweza kukusanya watu. Askari walikufa kwa wingi kwa kuongozwa na watu wema wasiojua kazi. Mtu aliyejitolea asipojifunza huwa ni hatari kwa sababu ile ile ya kujitolea kwake: nani atathubutu kumwondoa? Sisi tumewahi kuona darasa likiharibiwa mwaka mzima na mtu mwema aliyekuja kusaidia, asitake kuandaa somo. Chamberlain alikataa cheo kwa kuwa alijua kwamba makosa yake yatalipwa na wengine. Twamhesabia jambo hili mbele ya ushujaa wake wote. Usiku alikaa hemani na Ames akifundishwa vita, naye alikuwa profesa.

Somo lenyewe lilikuja upesi. Tarehe 13 Desemba 1862, huko Fredericksburg, jeshi la Kaskazini lilipelekwa kupanda mlima ulio wazi mbele ya ukuta wa mawe uliojaa bunduki. Usiku ule, katika baridi kali, Chamberlain na askari wake walilala uwanjani katikati ya wafu, nao wakaitumia miili ya wafu kama kinga ya risasi. Mtu aliyesoma theolojia miaka mitatu alijifunika kwa nguo ya maiti. Hatutaki kuongeza neno juu ya hilo.

Sasa twafika kwenye jambo tulilokusudia hasa. Mwezi Mei 1863 Chamberlain alikuwa amepanda kuwa kanali, na rejimenti ikawa yake. Siku zile zile Rejimenti ya 2 ya Maine ilikuwa ikirudi nyumbani, kwa kuwa muda wao wa miaka miwili umekwisha. Lakini ndani yake walikuwamo askari 120 ambao walipoandikishwa walitia sahihi karatasi ya miaka mitatu. Wao walisema hawakuelewa hivyo. Walisema waliambiwa watapigana chini ya bendera ya rejimenti yao, na bendera ile ikirudi nyumbani nao watarudi. Bendera imekwisha kwenda, wenzao wamekwenda, wao wamebaki. Wakakataa kazi. Basi wakaletwa kwa Chamberlain chini ya ulinzi, singe zikiwa zimewaelekea migongoni, na kwa maelezo yake walikuwa hawajapewa chakula kwa siku tatu. Aliyewaleta alileta na amri pia: wakikataa kutumika, wapigwe risasi.

Fikirini hali yao. Hawa pia walijitolea. Hakuna aliyewakamata barabarani. Walikuwa wamepigana miaka miwili, zaidi ya rejimenti ile waliyoletwa. Kumbe mtu huweza kuingia kwa mlango wa hiari, akaukuta umefungwa nyuma yake. Sheria ilikuwa upande wa jeshi, maana sahihi ni sahihi. Haki ilikuwa upande gani? Sisi twadhani ilikuwa imegawanyika, na mtu anayesema jambo lile lilikuwa jepesi hakuwahi kusoma karatasi aliyotiliwa sahihi na mtu maskini mbele ya karani mwenye haraka.

Chamberlain alifanya mambo kadhaa kwa mfuatano. Aliwaondoa walinzi. Akaamuru wapewe chakula. Akaketi akasikiliza malalamiko yao. Akawaambia wazi kwamba hana uwezo wa kuwaachilia, ila atamwandikia gavana wa Maine habari zao, naye akaandika. Kisha akawagawa katika kompania zote za rejimenti, wasikae pamoja kama kundi la wafungwa, na akawaambia kwamba wakati shauri lao linangojewa watatendewa kama askari wengine. Isipokuwa wachache sana, wote walishika bunduki.

Baada ya majuma machache, tarehe 2 Julai 1863, rejimenti ile ilikuwa Gettysburg, katika kilima cha mawe kiitwacho Little Round Top. Waliwekwa mwisho kabisa wa mstari upande wa kushoto, wakaambiwa wasiondoke hata iweje, kwa kuwa adui akipita hapo atalizunguka jeshi zima. Rejimenti ilikuwa na watu wapata 386, na wale wa Rejimenti ya 2 walikuwa sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Bendera yenyewe ilichukuliwa na mmoja wao, Sajini Andrew Tozier, ambaye baadaye alipewa nishani ya juu kabisa ya nchi. Watu wa Rejimenti ya 15 ya Alabama waliwajia mara kwa mara. Risasi zilipokwisha, watu wa Maine walifunga singe wakateremka mbio kilimani, adui akavunjika, wengi wakatekwa. Yapata askari 125 wa rejimenti ya Chamberlain waliuawa, kujeruhiwa au kupotea siku ile.

Tumesoma vitabu vinavyoishia hapo kwa shangwe: tazama, wema umeshinda! Sisi hatuwezi kuishia hapo. Mtu mwenye akili ataweza kuuliza hivi: je, ule mkate wa mwezi Mei ulikuwa wema, au ulikuwa werevu? Kama angewapiga risasi, wangekufa Mei. Aliwalisha, na baadhi yao wakafa Julai. Mfugaji naye hulisha. Mwalimu wa zamani aweza kuijua shaka hii, kwa kuwa wapo walimu wanaompenda mtoto kwa sababu atailetea shule sifa katika mtihani, na mtoto, jamani, hutambua. Hutambua mara moja.

Twaona mambo mawili yanayomtetea. La kwanza ni ile barua kwa gavana. Kama shabaha yake ingekuwa kupata askari tu, asingeandika, maana barua ile ingaliweza kumpunguzia watu 120 wakati ambapo rejimenti yake ilikuwa imepungukiwa mno. Aliomba kitu ambacho kingalimdhuru yeye. La pili ni habari ya ndugu zake. Tom, mdogo wake, alikuwa ofisa katika rejimenti ile ile, na siku ile ya Gettysburg mdogo mwingine, John, alikuwa amefika pamoja na watu wa kuhudumia majeruhi. Walipokuwa wakipanda kilima pamoja, kombora lilipita karibu na nyuso zao, naye akawatenganisha, asije mama yao akapoteza wana watatu kwa pigo moja. Lakini vita vilipokaza, na pengo likaonekana katikati ya mstari karibu na bendera, alimtuma Tom akalizibe. Ameandika mwenyewe kwamba alikuwa na hofu asifike akiwa hai, hata akamtuma na mtu wa pili. Daudi alimweka Uria pale palipokuwa na vita vikali ili yeye abaki na alichokitaka. Huyu alimweka ndugu yake pale alipowaweka wana wa watu wengine. Hilo halifuti swali. Laonyesha tu kwamba hakuwa na mizani miwili.

Kuhusu sifa za siku ile kulikuwa na ugomvi wa muda mrefu. Ofisa wake mmoja, Ellis Spear, alikuja kuandika kwamba hakusikia amri yoyote ya kushambulia, na wengine wakasema kijana Luteni Holman Melcher ndiye aliyetoka mbele kwanza. Chamberlain alipewa nishani yake mwaka 1893, miaka 30 baada ya tukio. Wazee wale walibishana mpaka mvi. Sisi hatutaingia humo. Ila ni jambo la kuhuzunisha kidogo kwamba hata sadaka hugombewa jina.

Tarehe 18 Juni 1864, huko Petersburg, alipigwa risasi iliyopita nyongani kutoka upande mmoja hadi wa pili. Alichomeka upanga wake ardhini akauegemea, askari wapite mbele wasimwone ameanguka. Madaktari walijua atakufa. Magazeti yalitangaza kwamba amekufa. Jenerali Grant akampandisha cheo kuwa brigedia jenerali ili afe nacho. Hakufa. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerudi tena vitani, ingawa kupanda farasi kulikuwa mateso.

Tarehe 12 Aprili 1865, siku tatu baada ya Jenerali Lee kusalimu amri huko Appomattox, Chamberlain alichaguliwa kusimamia askari wa miguu wa Kusini wanapokuja kuweka silaha chini. Jenerali Gordon alikuwa mbele yao, kichwa kimeinama. Chamberlain akaamuru askari wake wainue bunduki kwa heshima ya kijeshi. Gordon alipousikia mlio wa bunduki zile akainua kichwa, akarudisha heshima. Habari hii wameiandika wote wawili, naye Chamberlain alijua kwamba watu wa kwao watamlaumu, na walimlaumu.

Je, alifanya vema? Twajibu kwamba alifanya vema, lakini hatujibu kwa haraka. Waliosimama mbele yake walikuwa askari, wengi wao wakulima, wenye njaa na nguo zilizochanika. Kuwadhihaki kungekuwa unyonge. Hata hivyo, kulikuwa na watu milioni nne ambao utumwa wao ndio uliokuwa kiini cha vita, na hawakuwapo uwanjani siku ile kuulizwa. Miaka iliyofuata, heshima ya namna ile kati ya weupe wa Kaskazini na weupe wa Kusini iliendelea kukua, na baada ya mwaka 1877 serikali iliacha kuwalinda wale waliotolewa utumwani. Haki walizopewa zikanyang'anywa moja baada ya nyingine kwa muda wa karibu miaka mia. Hatusemi kwamba Chamberlain alisababisha hayo kwa kuinua bunduki. Twasema kwamba kusamehe ni kazi ya aliyekosewa, na ofisa aliyejitolea aweza kusamehe jeraha la nyonga yake. Jeraha la mgongo wa mtumwa si lake kulisamehe. Hapa tena twarudi pale pale: mtu hutoa kilicho chake.

Baada ya vita watu wa Maine walimchagua gavana mara nne, kwa vipindi vya mwaka mmoja mmoja, na mwaka 1871 akawa mkuu wa chuo chake cha zamani. Hapo twakuta jambo ambalo wasifuji wake hulipita upesi. Alileta kwata chuoni. Vijana wote walitakiwa kuvaa sare, kununua sare hizo kwa fedha zao, na kucheza gwaride chini ya ofisa wa jeshi. Mwaka 1874 madarasa matatu ya chini yaligoma. Yule yule aliyewasikiliza wagomaji 120 vitani, huku ana amri ya kuwapiga risasi, safari hii aliwafukuza vijana warudi makwao, akawaandikia wazazi kwamba wasiporudi katika siku kumi na kutii, wamefukuzwa kabisa. Walirudi wote isipokuwa watatu. Baadaye kwata ilifanywa ya hiari, wakajiandikisha wachache mno, na mwishowe ikaondolewa.

Sisi tuliokaa na vijana wa vyuo hatumhukumu kwa ukali, maana tunajua asubuhi ya mgomo ilivyo: kengele inalia na hakuna anayetoka bwenini. Lakini twajiuliza kwa nini alikuwa mpole Mei 1863 na mgumu mwaka 1874. Labda kwa sababu vitani alijua kwamba anadai uhai wao, akaona haya. Chuoni aliona anawapa kitu kizuri. Mtu anayeamini kwamba anatoa zawadi hukasirika zaidi ikikataliwa kuliko anayejua kwamba anaomba.

Januari 1880 alipata jaribu jingine. Uchaguzi wa Maine ulikuwa na ubishi mkubwa, vyama viwili vikidai ushindi, na watu wenye silaha wakajaa mjini Augusta. Chamberlain, akiwa mkuu wa wanamgambo wa jimbo, ndiye aliyebaki na amri kwa siku 12. Marafiki zake walimsihi alete askari. Hakuleta. Alitumia polisi wa mji tu, akalala ofisini, na lilipokuja kundi lililotangaza kwamba litamwua, alitoka peke yake akasimama ngazini, akafungua koti lake, akawaambia kama yupo anayetaka kumwua ndiye huyu hapa. Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wake akasimama upande wake dhidi ya wenzake, na kundi likatawanyika. Mahakama ikaamua shauri. Vyama vyote viwili vilimkasirikia, na siasa zake zikaishia hapo. Safari hii hakumtuma mtu yeyote kuziba pengo.

Imebaki habari ya Fanny, ambayo imewekwa mwisho katika vitabu vyote, nasi tumefanya vivyo hivyo, pengine isivyo haki. Yeye hakuandikishwa. Alibaki na watoto miaka mitatu, alisoma gazetini kwamba ni mjane, kisha akaletewa mume aliye hai na jeraha lisilopona. Baada ya vita hakupata utulivu aliotumaini, kwa kuwa mume alikwenda kwenye ugavana, na mikutano, na hotuba za vita. Barua za mwaka 1868 zaonyesha kwamba ndoa ilikaribia kuvunjika. Haikuvunjika. Uzeeni macho yake yaliingia giza kabisa, na mzee yule wa vita akawa ndiye wa kumhudumia, kwa upole mwingi kadiri tunavyoweza kuona katika barua zake. Alifariki mwaka 1905. Chamberlain alifuata tarehe 24 Februari 1914, mjini Portland, akiwa na miaka 85, kwa maradhi yaliyotokana na ile risasi ya Petersburg, ambayo ilikuwa imekaa nyumbani mwao miaka karibu 50, na mkewe ndiye aliyeiuguza sehemu kubwa ya miaka hiyo.